Vijana 12 wa Clinton

Jana nimekesha nikisoma historia ya sekondari ya umma ya Clinton, mji mdogo wa Tennessee, Marekani, na moyo bado mzito. Kabla ya 1956 vijana weusi wa pale walipelekwa kusoma mji wa Knoxville, kama kilomita 30, ilhali shule hiyo, iliyokuwa ya wazungu tu, ilikuwa bondeni tu, chini ya mtaa wao. Agosti mwaka huo 12 kati yao wakateremka kilima kwa miguu, wakaingia darasani. Zikazuka ghasia za wazungu waliopinga hadi vifaru vikaingia mjini! Mmoja wao, Bobby Cain, akavumilia matusi na vitisho, akahitimu 1957. Ushujaa huo si wa kila mtu. Oktoba 1958 shule ikalipuliwa kwa baruti alfajiri ya Jumapili. Siku chache baadaye wanafunzi walikuwa wanasoma tena, katika mji jirani wa Oak Ridge.