Kidonge cha saa kumi na moja

Kwa muda wa miezi minne hivi, kila ilipokaribia saa kumi na moja jioni, nyumbani kwetu Wete, Pemba, palikuwa na kazi moja iliyotangulia nyingine zote, nayo ni kumpa Mamkubwa kidonge chake kabla hajaanza "fujo" za ugonjwa wake wa kusahau. Dada yangu alikisaga, akakitia katika kijiko cha uji wa mtama, na kabla ya adhana ya magharibi mama yule aliyezoea kuiendesha nyumba nzima kwa jicho tu alikuwa ameketi ukumbini kimya, kidevu kimeangukia kifuani na mate yakimchirizika juu ya kanga. Wageni walipoingia walimtazama, wakasema alhamdulillahi, siku hizi ametulia. Nami nikaitikia alhamdulillahi, ingawa mimi ndiye niliyepaswa kushtuka kuliko wote.

Nilipaswa kushtuka kwa sababu nimewahi kufanya kazi ya uhudumu kwa miaka sita katika nyumba ya kutunzia wazee huko Uingereza. Usiku tulikuwa wahudumu wawili kwa wazee thelathini. Mzee anayezunguka ukumbini saa nane za usiku, akijaribu kila mlango, alituvurugia zamu nzima, na asubuhi aliyekuwa akiandika ripoti aliandika neno moja tu, kwamba mzee "ana wasiwasi", na baada ya siku chache kidonge kipya kilionekana katika toroli ya dawa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Tulichoka, na kidonge kilitupumzisha sisi.

Mwaka 2009 Profesa Sube Banerjee, aliyepewa kazi na serikali ya Uingereza ya kulichunguza jambo hili, alikadiria kwamba watu 180,000 wenye ugonjwa wa kusahau walikuwa wakipewa dawa za jamii ya haloperidoli na risperidoni, ambazo asili yake ni kutibu magonjwa makubwa ya akili kama skizofrenia. Kwamba waliopata nafuu yoyote kati yao hawakuzidi 36,000 hivi. Na kwamba dawa hizo zilileta vifo vya ziada vipatavyo 1,800 kila mwaka. Wamarekani walikuwa wameshaliona zamani, kwani sheria yao ya mwaka 1987 inampa mkaazi wa nyumba za wazee haki ya kutofungwa, kwa kamba wala kwa dawa, kwa ajili tu ya kumrahisishia mtu kazi. Mamlaka yao ya dawa ikaongeza onyo mwaka 2005, baada ya majaribio ya wiki kumi hivi kuonesha kwamba wazee wenye ugonjwa huo waliopewa dawa mpya za jamii hii walikufa asilimia 4.5, na waliopewa kidonge kisicho na dawa asilimia 2.6. Mwaka 2008 onyo hilohilo likazifikia na dawa kongwe, haloperidoli ikiwamo. Hayo yote niliyasikia katika mafunzo ya kazini, nikayasainia, kisha nikapanda ndege kurudi kwetu na kuyaacha hukohuko.

Huku kwetu mtu anaposikia habari hizi husema ni mambo ya Wazungu wanaowatupa wazee wao. Ni kweli kwamba nyumba za wazee tulizonazo ni chache, Sebleni na Welezo kule Unguja na Limbani huku Pemba, na kwamba wazee walio wengi wanakaa na watoto na wajukuu wao. Lakini kidonge hakihitaji nyumba ya wazee ili kifike. Cha Mamkubwa kilifika wakati wa masika, alipoanza kukesha na kusema kuna watu darini. Tulimpeleka hospitali, tukakaa foleni tangu asubuhi, na daktari aliyekuwa na msururu wa watu mlangoni akaandika haloperidoli ya wiki mbili. Wiki mbili zilipokwisha hakuna aliyemrudisha. Cheti kilekile, kilichokunjwa hadi kikachanika kati, kiliendelea kupelekwa duka la dawa, na muuzaji akaendelea kuhesabu vidonge bila kuuliza. Jirani mwenye huruma akaongeza diazepamu ili mama alale vizuri, na kwa mwasho wa ngozi alikuwa akipewa Piriton kila usiku, kama peremende. Sehemu ya fedha hizo ilitoka katika Pencheni Jamii yake mwenyewe, ile iliyoanza mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70, kwa hiyo naweza kusema Mamkubwa alijilipia kulazwa usingizi.

Siku aliyoanguka chooni ndiyo iliyotuamsha. Miguu ilikuwa imekakamaa, anaburuza hatua fupifupi, akageuka na kuporomoka ubavu. Hakuvunjika, ila paja zima liligeuka zambarau. Daktari mwingine, mtu mzima asiye na haraka, alitutaka tumwoneshe kila kitu anachokimeza, nikammwagia mfuko wote mezani. Kisha akauliza juu ya choo, juu ya maji na juu ya maumivu, na sisi watu wanne wa nyumba moja hatukuwa na jibu la uhakika hata moja. Kumbe ni siku ya nne hajapata choo. Maji tulikuwa tukimnyima tangu alasiri asije akalowesha kitanda, na kipimo cha mkojo kikaonesha maambukizi, jambo ambalo kwa mzee peke yake hutosha kumfanya aweweseke. Piriton nayo, tunayoiona dawa ya watoto, humvuruga mzee akili na kumfungia choo.

Tulidhani atatwambia tuvitupe vidonge vyote siku ileile. Alikataa. Piriton aliikata mara moja, lakini diazepamu ilipunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, kwa kuwa kuikata ghafla kunaweza kuleta kifafa. Mwili wa mzee huishikilia dawa hiyo kwa siku nyingi, kidonge cha leo kikakikuta cha jana bado kimo. Haloperidoli ikashushwa kwa daraja, nasi tukiandika kila jioni alivyokuwa. Na wapo wasiopaswa kupunguziwa kamwe kwa pupa: kule nilikofanya kazi alikuwapo bwana mmoja aliyekuwa na skizofrenia tangu ujanani, na kumwondolea dawa yake kungekuwa ukatili. Hata mwenye ugonjwa wa kusahau, akifika hadi ya kujidhuru au kudhuru wenziwe, anaweza kuhitaji dawa kwa muda. Uingereza risperidoni imeruhusiwa kwa wagonjwa wa namna hiyo wenye Alzheimer, aina moja ya ugonjwa wa kusahau, kwa wiki zisizozidi sita. Ugomvi wangu ni na cheti kisicho na siku ya kurudi.

Maambukizi yalitibiwa, usingizi ukarejea kwa kiasi, lakini saa kumi na moja ikabaki palepale. Mamkubwa huinuka, akavuta komeo, akasema anakwenda kwao, na yumo katika nyumba aliyoolewa. Sisi watu wazima tulikuwa tukimwambia, "Kaa, Mamkubwa, hapa ndipo kwenu." Mjukuu wake wa darasa la tano ndiye aliyemuuliza, "Bibi, unakwenda kufanya nini?" Akajibiwa, kwa mshangao wa mtu anayeulizwa jambo la wazi, "Karafuu zimo nje, na wingu lile hulioni?"

Miaka yake yote ya nguvu, saa hiyo ilikuwa ya kuanua karafuu. Sasa saa kumi na nusu tunamwekea ungo wa karafuu zenye vikonyo vyake, akae barazani achambue. Macho yamepungua nuru lakini kiganja kinakumbuka: anakiminya kishada, anakizungusha, karafuu zinapukutika upande huu na makonyo upande ule. Msimu ukiisha tunazichanganya kavu zilezile, naye huzitenga upya, mara nyingine akitusonya kwa uchafu wa kazi yetu. Zipo siku hataki ungo wala mtu, na dada yangu hukesha naye hadi alfajiri. Kidonge hajameza tangu mfunguo tatu.

Jana wingu lilifunga upande wa Mtambwe, akaniuliza kama zimeanuliwa.

"Zimeanuliwa zote, Mamkubwa."

"Na makonyo?"

Nikatoka kwenda kuyaanua.