Mkoromo wa Bata Mzinga

Meno ya juu ya Mzee yaling'olewa yote wakati wa baridi, akawekewa ya bandia. Kula alikula vizuri tu. Kilichomuuma ni ile filimbi ya mdomoni aliyoitumia kuitia bata mzinga mwitu tangu ujana wake: haikukaa tena, maana plastiki ya meno inafunika kaakaa, na kaakaa ndipo filimbi inapolala. Basi jioni moja ya mwezi wa pili, tukivua aproni na mabuti baada ya zamu, akanishika bega akanipa kipakiti kidogo.

"Wewe una meno yako mwenyewe," akasema. "Jifunze hii. Aprili twende wote, wewe uite, mimi nipige."

Mzee alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguruwe tulichofanyia kazi, kaskazini mwa Missouri, mzaliwa wa hukohuko. Mimi ni mtu wa Uvira. Nilifika Marekani kwa bahati nasibu ya viza, kama Wakongomani wengi walioko Kirksville. Tulikuwa tukienda Milan kazini watu watano katika gari moja, kwa barabara namba 6, na sote tulimwita Mzee. Wamarekani wenzake walidhani ndilo jina lake la ukoo. Kibali hakikunisumbua. Kule, aliyezaliwa 1967 au baadaye kwa kawaida hauziwi kibali cha kuwinda kwa bunduki mpaka apite kozi ya usalama, nami kozi nilikwisha kuipita kwa ajili ya kulungu. Ila kulungu haitaki kipaji: unakaa juu ya mti, unanyamaza, unangoja.

Filimbi yenyewe haifiki ukubwa wa kidole gumba mara mbili. Ni kipande cha alumini kilichopindwa nusu duara, ndani yake kumevutwa tabaka mbili tatu za mpira mwembamba sana, na pembeni kuna utepe wa kitambaa unaoziba kwenye kaakaa ili hewa isitoroke. Upande ulionyooka unaelekea kwenye meno ya mbele. Unaubana mpira kwa ulimi, kidogo tu, halafu unasukuma hewa kutoka kifuani, si mashavuni. Maneno haya nimeyaandika kwa mstari mmoja, lakini mwili wangu uliyakataa kwa wiki nzima. Kila nikiiweka, koo lilikataa, macho yakajaa machozi. Mzee alichukua mkasi akakata kile kitambaa pembeni, kidogo huku, kidogo kule, mpaka kichefuchefu kikaisha. Kumbe kila kinywa kina kipimo chake.

Ugumu mwingine ni kwamba mwalimu hakuweza kuonyesha. Alikuja na kisanduku chake cha mbao, kile chenye kifuniko kinachosuguliwa juu ya ukuta wa boksi kikalia kama jike, akawa anasugua, nami nafuatisha kwa mdomo. Mlio wa kuita una vipande viwili: unaanza juu, mwembamba na safi, halafu unavunjika kwenda chini, mkwaruzo. Kuvunjika huko kunafanywa na taya. Unaliachia lishuke huku ulimi ukilegea. Mimi nilitoa kile cha juu tu, kirefu, kikali. "Huyo si jike," Mzee akasema, "huyo ni breki za lori."

Ushauri wake ulikuwa nifanye mazoezi garini. Kwa mtu anayeendesha peke yake ni ushauri mzuri. Wenzangu walivumilia mpaka siku ya tatu, wakaniambia tukifika Green Castle nitashuka nimalizie kwa miguu. Nyumbani nako mama watoto alikuta filimbi kwenye friji, kando ya sombe, zimechomekwa vijiti vya kuchokolea meno katikati ya mipira ili isigandane. Ndivyo zinavyotunzwa, joto na jua vinaharibu mpira upesi. Akanitazama. "Baba watoto, hivi vinatoka mdomoni mwako vinaingia kwenye chakula cha watu?" Nikazitafutia kopo lenye kifuniko.

Kisha siku moja bila sababu ninayoijua taya likashuka kwa wakati wake na sauti ikavunjika. Nilikuwa naosha gari. Jirani alifungua dirisha.

Baada ya hapo vingine vilikuja haraka. Ule mlio mfupi wa klok, unaopasuliwa kwa midomo, ulihitaji tahadhari: ukiukaza mno unakuwa kengele ya hatari, na bata wote waliosikia wanakimbia. Lakini mkoromo, ule mtetemo wa chini ambao jike hutoa akiwa anadonoa kwa raha, niliupata mara ya kwanza nilipoujaribu. Ulimi ukitetema kama unavuta herufi r, mpira unatetema nao. Mzee miaka yote aliufanya kwa kutikisa midomo, kwa taabu, kwa sababu Kiingereza chao hakina r ya kutetema. Akanisimamisha. "Rudia." Nikarudia. Akakuna kidevu, hakusema neno.

Msimu wa kuwinda wa masika ulifunguliwa Jumatatu, Aprili. Sheria ya wakati ule: kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi saa saba mchana, madume tu, au jike mwenye ndevu kifuani, ule mshungi wa manyoya kama nywele, na mmoja tu wiki ya kwanza. Wakati huo wa mwaka majike mengi yanaelekea kutaga na kuatamia. Mzee aliniambia njiani kwamba baba yake alikulia kaunti hiyohiyo asimwone bata mzinga hata mmoja. Walikuwa wamewindwa na misitu kufyekwa hata mwanzoni mwa miaka ya 1950 jimbo zima halikufikisha 2,500. Waliobaki wakanaswa kwa nyavu, wakahamishiwa kaunti nyingine, na uwindaji ukarudishwa 1960, siku tatu tu. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayeonyesha nyumba aliyojengewa na serikali.

Tulikaa gizani migongo ikiegemea mwaloni mpana kuliko mabega yetu, ili mwindaji mwingine akija nyuma asituone kama ndege. Hakuna nguo nyekundu, nyeupe wala buluu, maana hizo ndizo rangi za kichwa cha dume. Bata mzinga kunusa si hodari, ila macho yake yanakamata hata kidole kikisogea, na hiyo ndiyo faida yote ya filimbi ya mdomoni: mikono inabaki imelala.

Kwanza Mzee akalia kama bundi. Dume akiwa bado juu ya mti, akisikia bundi hujibu kwa ghadhabu, nawe unajua alipolala. Sawa, lakini kwetu mtu akimwigiza bundi alfajiri, majirani wataitisha kikao. Nywele zilinisimama. Na dume akajibu, ng'ambo ya korongo, ngurumo iliyojaa bonde lote.

Niliita mara tatu, laini. Akajibu. Akashuka chini tukasikia mabawa, akajibu tena, kisha tukasikia majike ya kweli, na ngurumo zikaanza kwenda mbali. Kwa kawaida yao jike ndiye anayemfuata dume. Sisi tulikuwa tunamwomba afanye kinyume, tena akiwa amezungukwa. Nikataka kuita kwa nguvu. Mzee akaweka kiganja juu ya goti langu.

Tukakaa. Jua likapanda, kupe wakatupanda. Karibu saa nne Mzee alikuwa anasinzia, bunduki ya marisau juu ya magoti. Dume akanguruma mara moja, peke yake, karibu zaidi. Nikampa klok moja, halafu mkoromo, mdogo kiasi kwamba niliusikia zaidi kwenye meno kuliko masikioni. Kimya. Nikaurudia. Mzee alikuwa amefumbua macho, bunduki imeinuka sijui saa ngapi.

Kabla ya kumwona nilimsikia kifuani: mdundo wa chini sana wanaoutoa wakijitanua, kitu kati ya sauti na msukosuko. Ndipo mkia ukatokea nyuma ya kichaka, umetandazwa, na kichwa kikibadilika, paji jeupe, mashavu ya buluu, shingo nyekundu. Alipiga hatua, akasimama, akapiga hatua. Mate yalikuwa yamejaa mdomoni nyuma ya filimbi nami sithubutu kumeza. Hatua thelathini hivi. Mzee akanong'ona, "Klok." Nikatoa moja. Dume akanyoosha shingo.

Mzee alifika kwake kabla yangu, kwa magoti yake yale. Tukampima ndevu na vikwaru, akaandika kibali, akapiga simu kuripoti kama inavyotakiwa siku hiyohiyo. Akanikatia paja moja na kifua kizima, akakataa katakata nilipotaka kubadilishana. Paja la ndege yule anayetembea mchana kutwa si la haraka. Mama watoto alilichemsha tangu mchana hadi jioni ndipo likakubaliana na bugali.

Lakini kabla ya hapo, tukiwa tumekaa nyuma ya pikapu yake na kahawa ya chupa, Mzee alinigeukia.

"Ule mkoromo. Ulimi unaugusisha wapi?"

Nikamwonyesha, nyuma ya meno ya mbele. Akajaribu, bila filimbi, hewa tupu. Meno ya juu yakachomoka, akayadaka kwa kiganja. Akayafuta kwenye suruali, akayarudisha, akajaribu tena.