Tindo tatu, chumvi ya Uvinza na kopo la mawese

Tindo ya kwanza (tindo ni patasi ya kukatia chuma) ilipinda. Ya pili ikapasuka vipande viwili, tena kwa pigo la pili tu la nyundo. Ya tatu ipo hapa mezani pembeni ya kikombe changu cha chai na ndo inanifanya niandike leo, maana hapa Mwanga, Kigoma, nimeulizwa mpaka nimechoka, wewe si unafanya kazi ofisini, sasa hayo makelele ya vyuma nyuma ya nyumba kila Jumamosi ni ya nini. Jibu fupi ni starehe. Wenzangu wanaangalia mpira, mimi napiga tupa.

Karakana yenyewe usiiwazie makubwa. Ni bati tatu na turubai, ndani kuna vaisi ya inchi nne ya kubania chuma (kwenye kamusi inaitwa jiliwa, sijawahi kumsikia fundi hata mmoja akilitamka hilo neno), grenda ndogo, drili ya mkono, tupa tano na kipande cha ekseli ya lori nimekisimamisha kwenye gogo la mwembe, hiyo ndo fuawe. Kuna watu wananishauri nitafute kipande cha reli. Hapana jamani, sitaki kesi. Mashine ya kukerezea sina, kitu kikitaka kukerezwa napeleka kwa mzee mmoja huko mjini ambaye mikono yake ni zaidi ya venia kalipa, kile kifaa cha kupimia vipimo vidogo kabisa.

Sasa chanzo cha haya mambo ya tindo ni mama jirani, ana mashine ya kukamua mawese, ile ya mkono, na nati nne za chini zilikuwa zimeshika kutu mpaka pembe zimeliwa, spana inazunguka tupu, na grenda haiingii kwenye ile kona. Akaniambia baba wewe si ndo fundi vyuma, nisaidie basi. Ukishaitwa fundi mbele ya watu unakataaje? Nati ya hivyo dawa yake ni tindo, unaikata ubavuni inapasuka inaachia bolti. Ningeweza kununua dukani, ila nikasema hapana, natengeneza.

Ya kwanza nikachukua nondo ya milimita 16. Nikaipasha, nikaigonga ncha ikawa bapa, nikainoa, nzuri kweli kwa macho. Nyundo tatu kwenye nati, ncha imejikunja kama ulimi. Nikampelekea yule mzee, shikamoo, marahaba, akaigeuza mkononi akacheka, "Mwanangu, nondo ni ya zege."

Na kweli. Nondo ina kaboni kidogo, hata uipashe na kuizamisha mara kumi haigeuki kuwa ngumu ya kukata chuma mwenzake. Mzee akanionyesha kipimo ambacho hakihitaji maabara, unachukua grenda unagusisha kidogo halafu unaangalia cheche. Nondo inatoa cheche ndefu zilizonyooka, hazina mambo mengi. Springi ya gari inatoa cheche zinazopasukapasuka mwishoni, matawi juu ya matawi, kama fataki. Tangu siku ile kila chuma nikiokota nakigusisha kwanza. Springi yenyewe ni zile pande bapa za nyuma ya gari zinazopangwa moja juu ya nyingine, kaboni yake inazunguka asilimia 0.6, na kwa wauza skrepa unauziwa kwa kilo tu kama vyuma vingine.

Basi nikapata kipande cha springi. Hapa kiburi kikaingia. Nilikuwa nimesikia kwamba maji ya chumvi yanapoza chuma haraka kuliko maji matupu, na ni kweli, ukizamisha chuma chekundu kwenye maji kinajivika mvuke pembeni, ule mvuke unakuwa kama blanketi unazuia baridi isifike, chumvi inauvunjavunja. Na sisi watu wa Kigoma kwa chumvi nani atatubabaisha, Uvinza si ipo hapo tu? Nikakoroga ndoo, nikapasha, nikazamisha, chwaaa, nikasikia na kamlio kadogo tik, nikajifanya sijakasikia. Kumbe ndo kilikuwa kinachanika. Nikapiga nyundo ya kwanza poa, ya pili kipande kikaruka kikapiga bati. Bahati nilikuwa na miwani ya kazi, na hapa nasema kwa herufi kubwa MIWANI, sio ya jua.

Springi haitaki papara. Chuma cha namna hiyo kikipozwa kwa fujo nje kinakakamaa wakati ndani bado, kinajivuta chenyewe kinapasuka. Kinataka mafuta. Wengi wanatumia oili chafu ya gari, mimi siipendi, moshi wake unachoma koo na ile oili ina uchafu wa injini yote ndani. Nikakaa nikawaza, mimi naishi Kigoma nahangaika na mafuta? Yani nimezungukwa na michikichi.

Mawese yanafaa, ila yana masharti. Asubuhi yanakuwa yameganda nusu, kwa hiyo yapashe kwanza yawe mepesi na ya moto kiasi cha kuweka kidole ukatoa haraka, mafuta ya uvuguvugu yanatiririka vizuri kuzunguka chuma kuliko ya baridi. Weka kwenye kopo la chuma refu, sio plastiki, na usijaze. Mimi nilijaza. Nilivyozamisha tindo yakapanda yakashika moto juu, mwali kama wa kibatari kikubwa, nikabaki nimeduwaa na koleo mkononi, kilichoniokoa ni mfuniko wa sufuria uliokuwa karibu, nikafunika ukazima. Ole wako umwagie maji, mafuta yanayowaka yanaruka na wewe. Mtaa mzima ulinukia kama kuna anayekaanga, mtoto wa jirani akaja kuuliza kama tunauza mihogo.

Kuhusu moto wenyewe, jiko langu ni rimu ya gari dogo nimeikandika udongo wa kichuguu, mkaa, na upepo unaingia kwa bomba. Upepo mwanzoni ulikuwa draya ya nywele ya mama watoto, habari hiyo tuiache, nilinunua nyingine. Siku hizi ni feni ya kuzungusha kwa mkono. Bomba lisiwe lile lililopakwa zinki maana likipata moto linatoa moshi mweupe, jioni unatetemeka homa kama malaria, halafu watu wanakwambia kunywa maziwa. Maziwa ni mazuri ila hayaondoi moshi ulioshavuta.

Utajuaje moto umefika? Sumaku. Chukua sumaku ya spika mbovu ifunge kwenye waya, chuma kikifika joto la kama nyuzi 770 za Selsiasi hakishikwi tena, kinakuwa kama mbao. Hapo kipe moto kidogo zaidi, rangi ielekee chungwa bivu, ndo zamisha kwenye mafuta wima, usilaze, kitapinda. Mimi nafanya jua likishazama nyuma ya milima ya Kongo, mchana rangi inakudanganya, unadhani bado kumbe umeshaunguza.

Ikitoka kwenye mafuta jaribu tupa. Ikiteleza kama kwenye kioo, imekakamaa. Wengi wanaishia hapa na ndo kosa, maana sasa ni ngumu lakini ni kioo kweli, itavunjika. Isugue msasa mpaka ing'ae, halafu ipashe taratibu kuanzia katikati, mbali na ncha, kaa uangalie. Rangi zinaanza kutembea zenyewe, njano ya majani makavu, hudhurungi, zambarau, bluu. Asikwambie mtu, hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote, nimewaita mpaka watoto waje kuona. Kwa tindo subiri zambarau ifike kwenye ncha, hapo ni kama nyuzi 280, izamishe isiendelee. Ncha noa kwa pembe ya nyuzi 60 hivi, na unaponoa usiiache ichemke kwenye grenda ukapoteza kazi yote, kila mara chovya maji. Kile kichwa unachopiga nyundo usikikakamaze, kiache laini.

Na nikishataja grenda, jamani ile tabia ya kung'oa kava ili diski kubwa ya inchi tisa iingie kwenye grenda ndogo, acheni. Grenda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, ile diski kubwa imeandikwa mwisho 6,600. Soma ilivyoandikwa, na kwenye kile kipete cha katikati kuna tarehe ya mwisho pia, sio dawa tu zinazoisha muda.

Kitu kingine kinachonitesa huku ni kutu, masika ziwa linapumua juu ya vyuma vyote. Nilijaribu kupaka mawese kwa vile yapo, nikapata utando unaonata na foleni ya sisimizi. Grisi ndo mwisho wa habari, na ushahidi ni meli ya ziwa letu Tanganyika, Liemba. Wajerumani walivyoizamisha wenyewe mwaka 1916 ikiwa bado inaitwa Graf von Götzen, mafundi walizipaka injini grisi nzito kwanza, Waingereza wakaja kuiibua 1924 na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiwa na injini zilezile. Miaka mingi chini ya maji. Mimi tupa zangu nilikuwa nashindwa kuzilinda wiki mbili za mvua.

Jumamosi nikaenda kwa mama jirani. Unaweka ncha kwenye ubavu wa nati, makali yalale kufuata urefu wa bolti yasiikate yenyewe, nyundo nzito, mapigo machache. Nati ya kwanza ilichukua kama dakika tano kwa uoga, tatu zilizobaki zikafuata bila maneno. Ncha ina kovu dogo tu, ukipitisha kucha ndo unalisikia. Hela nikakataa, akanipa lita tano za mawese mapya, nikarudi nayo moja kwa moja kuelekea bandani. Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni, akanipokea dumu bila hata salamu, hili la jikoni, la vyuma vyako katafute.