Mguu wenye matende upimiwe kiatu jioni

Ukienda Darajani, soko la mjini Zanzibar, kununua viatu vya mguu wenye matende, nenda alasiri. Asubuhi uvimbe huwa umepungua kwa kulala. Kiatu kinachokutosha saa mbili kitakubana ikikaribia magharibi. Kama unashonesha kwa fundi, simama juu ya karatasi, chora nyayo zote mbili, na mbele ya kidole gumba ongeza sentimita 1.

Ndara za gidamu, kwa mguu huu, ziache kabisa. Gidamu husugua katikati ya vidole, ngozi inachubuka, vijidudu vinapenya, na hapo ndipo homa na mtoki huanza. Kila shambulio huacha uvimbe mkubwa zaidi. Chukua sendeli pana ya mikanda miwili ya kunatia, unayoweza kuilegeza, yenye soli inayokunjika: ukitembea, msuli wa shavu la mguu husukuma maji kurudi juu.

Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani wavae viatu vya mpira vinavyofunika vidole, matumbawe yanakata. Wakitoka, waoshe miguu kwa maji baridi na sabuni, wakaushe kila upenyo wa vidole, taratibu, kwa kitambaa.

Ukivua, tazama ngozi. Mkanda ukiacha mfereji, umebana mno.