Siku ya Kupinduka: Kazi Yangu ya Kufundisha Mashua za Tanga

Saa 1:00 asubuhi
Nafika majini kabla ya wanafunzi, kwa kuwa leo tuna somo ninalolithamini kuliko yote: kupinduka na kuinuka. Mwanafunzi ambaye hajawahi kupinduka huishikilia kamba ya tanga kwa hofu pale anapopaswa kuiachia. Nakagua mashua za aina ya 420, ambazo hubeba watu wawili na zimepewa jina hilo kwa urefu wao wa sentimita 420. Nakaza vizibo vya matangi ya hewa kimoja baada ya kingine, kisha nahakikisha kwamba ubao wa katikati, unaotokeza chini ya mashua, hautateleza na kurudi ndani mashua ikiwa kichwa chini, maana bila ubao huo hakuna pa kusimama.

Saa 2:30
Tunavaa majaketi ya kuelea yenye nguvu ya nyutoni 50, yanayomwezesha anayejua kuogelea kuelea na bado akaweza kupanda chomboni. Yale ya nyutoni 150, yaliyokusudiwa kumgeuza uso juu mtu aliyezimia, ni manene mno kwa kazi hii.

Saa 3:30
Zoezi linaanza. Mashua inalazwa ubavu, na jambo la kwanza ninalodai ni sauti mbili: kila mmoja amwite mwenzake na aitikiwe kabla ya mkono wowote kugusa kamba. Hapo mshika usukani huogelea kupitia tezi, yaani nyuma ya mashua, hadi upande wake wa chini, akiwa hajaiachia kamba ya tanga kuu, ili mashua isimkimbie. Mwenzake hubaki upande wa ndani, humrushia kamba ya tanga la mbele kupitia juu ya ukingo, halafu hujilaza majini sambamba na mashua, akishika mkanda wa miguu bila kuukalia. Mshika usukani hupanda juu ya ubao, husimama karibu na shina lake ili asiuvunje, na kuegemea nyuma akishika kamba aliyorushiwa, huku mikono ikiwa imenyooka.

Wengi huharibu hapa kwa kuvuta kwa vishindo. Tanga lililolala majini limebeba maji mengi, na maji hayo yanahitaji muda wa kumwagika. Anayetulia akiegemea ataona mlingoti ukinyanyuka taratibu, kisha ghafla mashua inasimama na kumchota mwenzake ndani. Ni lazima pia kamba ya tanga kuu iwe imelegezwa na omo, yaani mbele ya mashua, iwe imeelekezwa kwenye upepo, la sivyo upepo utaingia chini ya tanga na kuibwaga mashua upande wa pili, juu ya yule yule aliyeiinua.

Saa 5:15
Mashua moja inayokwenda na upepo kwa nyuma inapinduka bila kupangwa, na kabla sijaifikia imekwisha kugeuka chini juu. Nahesabu vichwa: kimoja. Nazima injini ya boti yangu, kwa sababu rafadha karibu na mtu aliye majini ni hatari kuliko mawimbi. Nagonga ubavu wa mashua kwa ngumi mara tatu, na kutoka ndani najibiwa mara tatu. Yumo kwenye hewa iliyobaki chini ya mashua. Nasikia nikimwambia kwa sauti kubwa yale niliyomfundisha asubuhi: pumua kwanza, ondoa kamba miguuni, shika ukingo, zama, toka. Mkono wake unaibuka kwanza, vidole vimeng'ang'ania ukingo, kisha uso.

Natazama midomo na vidole vyake. Katika maji ya baridi pumzi hupaparika kwa takriban dakika 1 ya kwanza, na baada ya kama dakika 10 vidole huanza kukataa kazi, hivyo simwachi majini ati kwa sababu anasema yu mzima. Anapanda kwangu, anafunikwa; mwenzake nami tunaiinua mashua.

Saa 7:00 mchana
Tunafua maji yaliyojaa mashuani.

Saa 10:00 jioni
Nasuuza kamba kwa maji yasiyo na chumvi na kulaza milingoti. Kwenye ncha ya mlingoti wa mashua ile nakuta tope jeusi, lililokauka kiasi cha upana wa kiganja. Uligusa chini, nasi tungevuta kwa pupa ungeweza kupinda au kukatika. Mlingoti wa 420 ni kama mita 6, na maji ya pale ni machache kuliko nilivyodhani.

Saa 11:15 jioni
Nachukua boti na kusogeza maboya ya mazoezi hadi kwenye kina, nikipima kwa kamba yenye jiwe kila ninapotia nanga.