Kanuni Auni Mbele ya Watoto wa Darasa la Nne

Katika Mafundisho Jamii ya Kanisa, utu na mshikamano watoto huvielewa upesi, kwa sababu aliyewahi kumgawia mwenzake kipande cha muhogo wakati wa mapumziko anavijua tayari kwa mikono yake. Kanuni auni ndiyo iliyonisumbua. Papa Pio XI aliifafanua mwaka 1931, miaka 40 baada ya waraka wa Leo XIII kuhusu wafanyakazi, akifundisha kwamba jambo linaloweza kufanywa na kundi dogo lisinyang'anywe na kundi kubwa. Lakini mtoto wa darasa la nne utamwelezaje?

Niliweka chaki chini, nikawauliza nani apange zamu za kufagia. Walimtaja mwalimu mkuu, kisha mwalimu wa zamu, hadi binti mmoja mkimya aliposema kuwa wanaofagia ndio wanaojua nani anaumwa na nani hana ufagio, basi wapange wenyewe, na mwalimu awasaidie wakishindwa. Sikuongeza neno, na naamini mwalimu wa dini hapaswi kuongeza neno mahali kama hapo. Wiki iliyofuata orodha ya zamu ilikuwa imebandikwa mlangoni, kwa mwandiko wao.