Muamala Nilioupinga Bila Risiti
Kamera niliiagiza kwa simu, nikamsomea muuzaji namba za kadi yangu ya mkopo. Pesa ilikatwa siku ileile, mzigo haukuja. Nilipompigia kuuliza, akasema umeshafika na umepokelewa. Risiti sina, ujumbe wa kuthibitisha oda hakuwahi kunitumia. Yote yalikuwa maneno matupu.

Nilifika benki nimekwisha kukata tamaa. Dada wa dawati la kadi alinigeuzia fomu. Kisanduku cha kwanza kilisema: "Siutambui muamala huu." Wengi hukiwekea alama hicho wakidhani ndiyo njia ya mkato, nami nilikitazama kwa muda. Lakini malipo niliyafanya mwenyewe. Ungekuwa uongo, na muuzaji angeuvunja mara moja. Kidole cha yule dada kikashuka hadi "Bidhaa haikupokelewa."

"Weka alama hapa," akasema. "Huwezi kuleta ushahidi wa kitu ambacho hakikufika. Anayedai amekileta ndiye aonyeshe."

Sitasahau jinsi maneno hayo yalivyonipa nguvu. Akanitaka nimwandikie muuzaji barua pepe siku hiyohiyo: tarehe ya malipo, siku aliyoahidi kuleta mzigo, na ombi la hati ya kuupokea. Asipojibu, kimya chake nacho kingeingia kwenye faili. Nikaongeza orodha ya simu nilizompigia. Kwa malalamiko ya aina hii, Visa, kampuni ya mtandao wa kadi, kwa kawaida hutoa siku 120 za kuyawasilisha, nasi tulikuwa bado ndani ya muda. Benki ikanirudishia pesa kwa muda tu, na onyo kwamba muuzaji akishinda itachukuliwa tena.

Hati ya muuzaji ilikuja kupitia benki yake. Niliikuza kwenye simu nikaisoma neno kwa neno: jina langu limeandikwa sawasawa, sahihi ni mstari mmoja uliopinda, na mtaa si wangu hata kidogo. Mpaka leo naamini msafirishaji alikosea nyumba, wala sioni kwamba niliibiwa. Lakini hayo ni ya kumalizana wao wawili. Mnunuzi hapaswi kuyabeba. Nikapeleka bili ya umeme yenye anwani yangu. Muuzaji hakujibu tena, na benki ikaniandikia kwamba pesa ile sasa ni yangu moja kwa moja.